London, New York au Paris: uanzie mji upi kusoma namba za simu zenye majina

Katika makaratasi aliyoacha babu yangu, aliyekuwa karani kwenye ghala la karafuu Unguja, mna barua moja ya biashara iliyotoka London. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mkunjo wa katikati umebaki kidogo ukatike. Juu, chini ya anwani, pamechapwa namba ya simu: MINcing Lane, halafu tarakimu nne. Herufi tatu za mwanzo ni kubwa, zinazofuata ni ndogo. Kwa muda mrefu nilidhani hilo ni jina la mtaa tu, na mtaa upo kweli. Ndiko walikokuwa madalali wa chai na viungo mjini London. Lakini pale kwenye karatasi jina lile ni nusu ya namba yenyewe. Aliyetaka kupiga alizungusha M, I, N, yaani 6-4-6, kisha tarakimu nne zilizobaki.

Tangu siku nilipolielewa hilo sijaacha kuzifuatilia namba hizi, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaotaka kuanza ni: nianze na mji gani? Majina ya vituo vya simu yalitumika miji mingi mikubwa, ila mitatu ndiyo yenye mambo mengi ya kufuatilia: London, New York na Paris. Kwa mbali yote inafanana. Ukisogea karibu, kila mmoja una kanuni zake, na anayezichanganya atasoma namba vibaya. Nitaiweka bega kwa bega ili uchague kufuatana na kile unachokitafuta.

Jina lilifanya kazi gani

Kabla ya mitambo, simu ilipita mikononi mwa watu. Unanyanyua mkono wa simu, opereta anakujibu, unamwambia "Gerrard", unamtajia namba, naye anachomeka waya kwenye tundu la kituo cha Gerrard. Huko opereta wa pili anamalizia. Jina lilikuwa maelekezo kwa binadamu mwenzako.

Mitambo ya kujiendesha ilipokuja, hakuna mji mkubwa ulioweza kubadilisha vituo vyote kwa usiku mmoja. Kwa miaka mingi kituo hiki kilikuwa cha mtambo, cha jirani yake bado cha opereta. Ilitakiwa namba ambayo mtu anaweza kuizungusha kwa kidole na pia kuitamka kwa mdomo. Mwaka 1917 W. G. Blauvelt wa kampuni ya simu ya AT&T, Marekani, alileta jibu: kuandika herufi pembeni ya tarakimu kwenye duara la kuzungushia. Jina likabaki lilelile, machine ikasoma herufi zake za kwanza, na opereta akalisikia jina zima.

Urithi wake umeushika mkononi. Kama umewahi kuandika ujumbe kwa kitochi, unakumbuka "mambo" ilivyokuwa: 6 mara moja, 2 mara moja, 6 mara moja, 2 mara mbili, 6 mara tatu. ABC kwenye 2, DEF kwenye 3, GHI kwenye 4. Mpangilio huo unatoka kwenye yale maduara ya zamani.

Lakini hapohapo pana mtego, na ndio wa kwanza kuujua kabla ya kuchagua mji. Kwenye kitochi chako, kama ilivyokuwa New York, herufi O inakaa kwenye 6 pamoja na M na N. London na Paris waliiweka O kwenye 0. Kwa hiyo MONarch, kituo cha katikati ya London, ni 606. Ukiisoma kwa kitochi utapata 666, na utakuwa umepotea kabla hujaanza.

London: kwa anayetaka kujua mtambo ulivyofikiri

London ndiyo niliyoanza nayo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, basi nitakaa hapa kidogo.

Mitambo ya kawaida ya Strowger ilifanya kazi hatua kwa hatua: kila tarakimu uliyozungusha ilisukuma swichi moja papo hapo. Kwa mji mdogo inatosha. Kwa mji kama London inaleta tabu, kwa sababu njia ya kutoka Hampstead kwenda Westminster si njia ya kutoka Battersea kwenda Westminster. Kila mtaa ungelazimika kuwa na namba zake tofauti za kumfikia mtu yuleyule. Posta ya Uingereza, iliyokuwa ikiendesha simu, ikachagua mtambo ulioitwa Director. Huu uliipokea namba kwanza bila kuiunganisha. Ulizitazama herufi tatu, ukazigeuza kuwa tarakimu za njia zinazofaa kwa kituo ulichopigia, kisha ndipo ukazituma. Mpigaji hakujua lolote kati ya hayo. Popote alipokuwa mjini, ABBey ilikuwa ABBey.

Kituo cha kwanza cha aina hii, Holborn, kilianza kazi tarehe 12 Novemba 1927. Kuanzia hapo namba ya London ilikuwa herufi tatu na tarakimu nne.

Uzuri wa London uko kwenye majina yenyewe, kwa kuwa kanuni ile iliwabana waliokuwa wakiyachagua. Vituo viwili visingeweza kuwa na herufi zinazotoa tarakimu zilezile. Tazama Hampstead na Hammersmith: yote HAM, yote 426. Hampstead ikaichukua HAM. Hammersmith, iliyo kando ya mto Thames, ikapewa RIVerside, 748. Jina la kuanza na O halikufaa pia, maana 0 ilimpeleka mpigaji kwa opereta. Ndiyo maana ukitembea na orodha ya zamani mkononi utakutana na majina yasiyo kwenye ramani yoyote ya mitaa. TERminus, 837, ni eneo la King's Cross, kwenye vituo vikubwa vya reli. TATe Gallery, 828, ni Pimlico, jirani na jumba la sanaa. FLAxman, 352, ni Chelsea, kwa jina la mchongaji John Flaxman. HOP, 407, ni Southwark, kwa sababu ya soko la hopsi, yale maua ya kutengenezea bia. Herufi tatu tu, jina limeisha, na historia ya biashara ya eneo zima imo ndani.

Namba iliyojulikana kuliko zote ilikuwa WHItehall 1212, ya makao makuu ya polisi ya Scotland Yard. Ndiyo iliyokaa vichwani mwa watu hata baada ya namba ya dharura ya 999 kuanza London tarehe 30 Juni 1937.

Majina yalianza kuondolewa mwaka 1966, na hapa mwanafunzi wa London anapata raha na shida kwa pamoja. Raha ni kwamba vituo vingi vilibaki na tarakimu za herufi zao. London ilikuwa na kodi (yaani namba ya eneo inayotangulia namba ya simu) ya 01 hadi 1990, ikagawanywa 071 na 081, mwaka 1995 ikawa 0171 na 0181, mwaka 2000 ikarudi kuwa moja, 020, na ile 7 au 8 ikahamia mbele ya namba yenyewe. Kwa hiyo ukiona leo namba ya 020 7629, hiyo ni MAYfair. 020 7407 ni HOP. 020 8748 ni RIVerside. Maduka yenye namba hizo yapo na watu wanapiga kila siku bila kujua wanatamka jina. Shida ni kwamba si vyote vilivyobaki hivyo. WHItehall kwa herufi ni 944, lakini baadaye ilijulikana kwa 930. Kwa hiyo usifanye hesabu ya herufi ukatangaza jibu. Hakikisha na kitabu cha simu cha mwaka husika.

Na jambo moja pembeni, maana linanifurahisha kila ninapolikumbuka: miji mingine mikubwa ya Uingereza iliyotumia Director ilipewa kodi kwa herufi zake za kwanza. Birmingham 021, B ni 2. Edinburgh 031, E ni 3. Glasgow 041, Liverpool 051, Manchester 061. Hata simu za mbali ziliandikwa kwa alfabeti.

New York: kwa mwenye karatasi isiyo na tarehe

Kama unacho kitu kilichochapwa, tuseme kadi ya hoteli au bahasha, na unataka kujua ni cha lini, New York itakusaidia upesi kuliko London. Sababu ni kwamba ilibadilisha umbo la namba katikati ya safari.

Mtambo wa kwanza wa kujiendesha Manhattan, wa aina iliyoitwa Panel, ulifunguliwa mwaka 1922 kwa jina PENnsylvania. Wakati ule ilikuwa herufi tatu na tarakimu nne, kama London ilivyokuja kufanya. Desemba 1930 wakageuza: herufi mbili, tarakimu moja, kisha nne. PENnsylvania ikawa PEnnsylvania 6. Mpaka huo ni wa kutegemewa. Herufi kubwa tatu, uko kabla ya 1931. Herufi kubwa mbili na tarakimu inayofuata jina, uko baada yake. London haikupi alama kama hiyo. Umbo lake lilikaa lilelile tangu 1927 hadi majina yalipoondoka.

Mfano unaotajwa daima ni Hoteli Pennsylvania, iliyofunguliwa 1919 mkabala na stesheni ya reli ya jina hilo: PEnnsylvania 6-5000. Igeuze kuwa tarakimu upate 736-5000, uweke 212 mbele, ambayo ni kodi ya New York tangu mpango wa kodi wa 1947, na unapata namba kamili ya hoteli. Jengo lenyewe lilikamilika kubomolewa mwaka 2023.

Hiyo 212 nayo ina maelezo yake. Kwenye simu ya kuzungusha, 1 na 2 hurudi haraka, 9 na 0 huchukua muda. Mji unaopigiwa na watu wengi ulipewa tarakimu fupi ili mitambo isishikiliwe bure.

Mabadiliko ya 1930 yalikuwa na maana nyingine pia. Jina moja sasa liliweza kubeba vituo vingi: MUrray Hill 2, MUrray Hill 3, na kuendelea. Kampuni ilipata nafasi zaidi bila kutafuta majina mapya. Lakini kwa msomaji wa ramani, jina la New York limetanuka zaidi kuliko la London, halikuelekezi karibu sana na mlango wa mtu. CAnal, CHelsea na GRamercy zinakupeleka mahali panapoeleweka. SUsquehanna ni mto ulio mbali, haupiti mji wa New York kabisa. AUdubon ni mchoraji wa ndege aliyeishi upande wa juu wa Manhattan. Hapa jina lilichaguliwa mara nyingi kwa sababu masikio yanalisikia vizuri. Mwaka 1955 AT&T ilitoa orodha nzima ya majina yaliyopendekezwa kwa nchi yote, yaliyopimwa kwa kueleweka kwenye simu, hayafungwi na mahali.

Kikomo kilifika kwenye irabu. Ukitaka jina la kuanza na 5 na 7, una J, K, L kisha P, R, S. Jaribu kutunga. 9 na 5 nayo ni vivyo hivyo. Kwa 55 walipata KLondike, na KLondike 5 ndiyo 555, tarakimu zinazotumika mpaka leo kwenye filamu za Marekani kwa namba za kubuni. Mafungu mengine yalikaa bure, wakati wateja walizidi kuongezeka. Jina lilikuwa linakula nafasi. Wazo la kutumia tarakimu tupu likaanza kujaribiwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuenezwa polepole.

Watu walikasirika. Mwaka 1962 huko San Francisco wananchi waliunda chama cha kupinga, Anti-Digit Dialing League, na mtaalamu wa lugha S. I. Hayakawa alikuwa miongoni mwao. Waliona tarakimu saba mfululizo ni mzigo kwa kumbukumbu, na kwamba mtu anafanywa namba. Ninawaelewa kabisa. Lakini kuna hoja ambayo hawakuweza kuijibu: simu zilikuwa zinaanza kuvuka mipaka ya nchi moja kwa moja, na duara la Mmarekani na la Mwingereza havikubaliani O iko wapi. Mtu wa New York angezungusha jina la London akafika kwa mwingine.

Paris: kwa anayependa majina yenyewe

Hapa nitasema kwa ufupi. Paris ilianza na kituo cha CARnot tarehe 22 Septemba 1928, kwa mtambo wa Rotary, herufi tatu na tarakimu nne, zikiandikwa mbilimbili. Kwa uzuri wa orodha haina mpinzani: BALzac, DIDerot, DANton, PASsy, MENilmontant, GOBelins. Waandishi, wanamapinduzi, vijiji vilivyomezwa na mji. Na tofauti na London, jina la kuanza na O lilikubalika. Saa inayosema, iliyoanzishwa na kituo cha kuangalia nyota cha Paris tarehe 14 Februari 1933 chini ya Ernest Esclangon, ilipatikana kwa ODEon 84-00, na ODE ni 0-3-3.

Jina lilikuwa pia kipimo cha hadhi, kama MAYfair kule London na BUtterfield kule New York. Anayejibu simu ya ELYsées ameshakwambia anakaa wapi kabla hujauliza.

Herufi ziliondoka Oktoba 1963, mapema kuliko London. Mtu wa Paris ana zawadi moja nzuri: namba za leo. Mwaka 1985 iliongezwa 4 mbele, mwaka 1996 ikaongezwa 01. BALzac ni 225, kwa hiyo 01 42 25. DANton 326, ikawa 01 43 26. ELYsées 359, ikawa 01 43 59. Sehemu hizo za mji bado zinapatikana kwa namba hizo. Ugumu ni lugha: bila Kifaransa, vitabu vya simu utavisoma, lakini maelezo ya mafundi na barua za wateja hutaambulia.

Basi uchague upi

Kama una karatasi mkononi na swali lako ni "ya lini?", anza na New York hata kama karatasi si ya huko, maana ndiko utakakojizoeza kutazama herufi kubwa ngapi zimechapwa na tarakimu imekaa wapi. Jicho likishazoea hilo, kwingine litaona haraka.

Kama unapenda kutembea mjini, au una ndugu anayeishi Ulaya atakayekupigia picha za vibao vya maduka, chukua Paris au London. Kwa Paris namba tatu nilizotaja zinatosha kwa wikiendi ya kwanza. Kwa London tafuta 7222, ambayo ni ABBey, kuzunguka Westminster.

Kama unaandika tamthilia au hadithi ya miaka ya 1930 hadi 1950, mji wa hadithi ndio unaoamua, lakini andika umbo sahihi. Mhusika wa London wa 1938 hawezi kuwa na tarakimu baada ya jina kabla ya zile nne. Nimeona kosa hilo mara nyingi, na linavunja kila kitu kwa msomaji anayejua. Jihadhari hasa na majina yaliyokuwepo miji miwili: TRAfalgar ni ya London, TRafalgar 7 ni ya New York. Herufi moja kubwa, bahari nzima katikati.

Kama unataka kuelewa mtambo, London, bila kusita. Director ni rahisi kueleza kwa mtoto wa shule, na ukiuelewa umeelewa wazo ambalo simu yako ya leo inalitumia bado: kuipokea namba yote, kuifikiria, halafu kutafuta njia.

Usianze na kwetu, ijapokuwa nami nilitamani hivyo. Karatasi za zamani za Tanganyika na Kenya ziliandika jina la mji na namba, kwa mfano Moshi na tarakimu tatu au nne. Hilo lilikuwa jina la kumtajia opereta tu. Hakuna herufi iliyozungushwa, na anayetafuta tarakimu ndani ya "Moshi" anahangaika bure. Thamani ya karatasi hizo ni nyingine, na zinastahili kutunzwa kwa ajili yake.

Barua ya babu nimeiweka kwenye bahasha ya plastiki, mkunjo umekunjuliwa. Pembeni ya MINcing Lane, kwa penseli iliyofifia, kuna mkono ulioandika 646. Sijui kama ni wa babu au wa aliyeipokea barua kabla yake ghalani, lakini aliyeandika alikuwa Unguja, mbele ya simu isiyo na herufi, akitaka kujua namba ile inasomwaje.